Neno "Amemaliza": Uchaguzi na Matumizi ya Mifumo ya Kusimamia Mafunzo Mahali pa Kazi

Utangulizi

Mfumo wa kusimamia mafunzo ni programu ya kompyuta inayohifadhi masomo, kuwaandikisha wafanyakazi, kuwafikishia maudhui na majaribio kwa njia ya intaneti, na kutunza kumbukumbu za walichokifanya. Kwa kuwa washiriki wengi wa semina hii wanaufahamu, mada haitakawia katika fasili. Inatosha kukumbusha kwamba ipo mifumo inayokodishwa kutoka kwa makampuni, ambayo gharama yake aghalabu hupanda kadiri watumiaji wanavyoongezeka, na ipo ya programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi na haidai ada ya leseni, kama Moodle, iliyoasisiwa na Martin Dougiamas wa Australia na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Kutolipia leseni si kutolipa kitu, kwani seva, nakala rudufu na mtaalamu wa kuuangalia mfumo vyote vinahitaji fungu katika bajeti, na taasisi inayomsahau mtaalamu huyo hubaki na picha za uzinduzi.

Tatizo la kumbukumbu

Nyaraka nyingi za zabuni huuliza mfumo una vipengele vingapi, na wazabuni hujibu kwamba vyote vipo. Swali ambalo halikosi kuleta matatizo baadaye, na ambalo ni nadra kuulizwa, ni hili: mfumo unapoandika kwamba mfanyakazi "amemaliza", unakuwa umeshuhudia nini?

Jibu limefichika katika SCORM, yaani makubaliano ya kiufundi yaliyoandaliwa chini ya mpango wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani ili somo lililotengenezwa kwa programu moja liweze kufunguka katika mfumo wowote unaoyafuata. Toleo la 1.2 ni la mwaka 2001, na hadi leo masomo mengi yanayouzwa bado yanalitumia. Humo, hali ya mfanyakazi huandikwa katika nafasi moja tu, inayopokea neno moja kati ya sita: amefaulu, ameshindwa, amemaliza, hajamaliza, amepitia tu, au hajaanza. Kwa kuwa nafasi ni moja, haiwezekani kuandika kwamba mtu alimaliza somo na papo hapo akashindwa jaribio. Ilibidi kusubiri SCORM 2004 ili kumaliza na kufaulu vitenganishwe. Tena, katika toleo la 1.2 maelezo ya mahali mtu alipoishia yamewekewa kikomo cha herufi 4,096, kwa hiyo somo refu likijaza nafasi hiyo, mfanyakazi aliyekatikiwa na umeme huweza kujikuta amerudishwa mwanzo. Akirudishwa mara mbili, humwomba afisa mafunzo amwekee alama ya kumaliza kwa mkono, naye afisa, ambaye ripoti yake inasubiriwa juu, huiweka.

Jambo zito zaidi ni kwamba anayeamua neno hilo liandikwe lini ni mtengenezaji wa somo. Katika somo la zimamoto lenye slaidi 20, kama sharti pekee lililowekwa ni kuifikia slaidi ya mwisho, mlinzi wa zamu ya usiku anaweza kubofya "Endelea" kwa dakika 3 huku akizungumza na simu, na jina lake likageuka kijani. Ripoti haitaonyesha kwamba hajawahi kuvuta pini ya mtungi wa kuzimia moto, wala kwamba hajui kuwa mtungi wa maji haupaswi kuelekezwa kwenye swichi inayowaka. Pale ambapo kompyuta ni moja na nenosiri limebandikwa ukutani, inawezekana hata asiwe yeye aliyebofya. Teknolojia ya xAPI, iliyotolewa mwaka 2013, hunasa matendo mengi zaidi, yakiwamo yanayofanyika nje ya mfumo, lakini nayo huandika kile tu ilichoelekezwa kuandika.

Hilo si suala la kiufundi peke yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo ya usalama, na ajali ikitokea, orodha ya kijani ndiyo huletwa mezani kama ushahidi. Donald Kirkpatrick alikwishapendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi 4: walivyoyapokea wafunzwa, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na matokeo kwa taasisi. "Amemaliza" haifiki hata ngazi ya kwanza. Bila kumlaumu yeyote, ni vyema pia kukiri kwamba mafunzo ya mtandaoni hayana posho ya kujikimu, na kwamba ukweli huo unaeleza mengi kuhusu kasi ya kubofya.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kabla ya kutangaza zabuni, taasisi iandike ukurasa mmoja unaoeleza maana ya kumaliza kwa kila somo, na maana hiyo iingizwe katika mkataba. Somo lolote la usalama lisihesabiwe kuwa limekamilika mpaka msimamizi athibitishe, kwa jina lake mwenyewe, kwamba amemwona mfanyakazi akitenda. Alama zinazowekwa kwa mkono ziruhusiwe, kwa kuwa umeme utaendelea kukatika, lakini kila moja iambatane na sababu na jina la aliyeiweka.

Wazabuni watakiwe kuonyesha mfumo wao kwenye simu ya kawaida yenye bando dogo, badala ya kompyuta ya ukumbini. Programu ya simu ya Moodle, kwa mfano, huruhusu maudhui kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Kila mfanyakazi awe na akaunti moja inayofuata namba yake ya ajira, ili anapohamishwa kituo kumbukumbu zimfuate. Mkataba useme wazi kwamba ukiisha, taasisi inakabidhiwa kumbukumbu zote katika muundo unaosomeka, na kwamba utunzaji wake unazingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtaalamu wa kuusimamia mfumo awe kwenye bajeti tangu mwaka wa kwanza, kama ilivyoelezwa hapo juu. Maana ya kumaliza, ambayo imekwisha kutajwa na inastahili kutajwa tena, iamuliwe na wenye kazi, isiachiwe mtengenezaji wa slaidi.

Mwisho, washiriki wanaombwa, watakaporejea vituoni, wafungue ripoti ya somo moja tu la usalama, walinganishe saa ya kuanza na saa ya kumaliza ya kila mfanyakazi, na wahesabu ni wangapi walitumia chini ya dakika 5.