Ua la Bustani na Uvimbe wa Taya

Leo tunazungumzia dawa za saratani zinazotokana na mimea.

Huku kwetu Matulo, Webuye hadi Kitale, mtoto akipata uvimbe, jirani mmoja huleta gome na mwingine mizizi. Je, mmea unaweza kutibu saratani? Ndiyo, lakini sikiliza ni kwa njia gani.

Kuna ua dogo linalopandwa mbele ya nyumba, lenye petali tano za rangi ya waridi au nyeupe. Asili yake ni Madagaska, na wataalamu huliita Catharanthus roseus. Zamani watu walichemsha majani yake kutibu kisukari. Katika miaka ya 1950 watafiti nchini Kanada waliyachunguza. Badala ya sukari kushuka, waliona chembe nyeupe za damu zikipungua. Katika ua hilo ikapatikana vinkristini, dawa inayozuia seli za saratani kugawanyika. Imetumika hospitalini tangu miaka ya 1960.

Dawa hii inawahusu watoto wetu. Mwaka 1958 Dkt. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliandika kuhusu saratani inayovimbisha taya la mtoto. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt. Hupatikana zaidi penye malaria nyingi, kama Uganda na magharibi mwa Kenya. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazoitibu, na mtoto anayefikishwa mapema anaweza kupona kabisa.

Utauliza, kwa nini basi nisichemshe ua langu? Kwanza, dawa iliyomo katika majani ni kidogo mno. Hata gramu moja huhitaji majani makavu mengi sana. Pili, majani hayo yana sumu inayoweza kumdhuru mtoto. Tatu, vinkristini hainywewi. Hupimwa kwa miligramu kulingana na mwili wa mtoto, kisha hutiwa ndani ya mshipa wa damu. Ikivuja nje ya mshipa, huunguza nyama.

Tena uvimbe huu haungoji. Unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki mbili za kujaribu mitishamba ni muda mrefu sana.

Mama, angalia dalili hizi:
- taya au shavu kuvimba;
- meno kulegea kabla ya wakati wake;
- jicho kutokeza nje;
- tumbo kuvimba;
- miguu kukosa nguvu.

Usikimbilie kung'oa jino. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, uombe uvimbe uchunguzwe. Kipande kidogo kitachukuliwa kikapimwe, na huenda mkatumwa hospitali kubwa ya rufaa, kama ile ya Moi, Eldoret. Ikiwa umeshampa mitishamba, mwambie daktari bila kuogopa.

Jambo la mwisho. Mara nyingi uvimbe hupungua upesi baada ya dawa za kwanza, na mzazi hudhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Seli zilizobaki zitaota tena. Rudi kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi mpaka daktari aseme matibabu yamekamilika.

Mweleze na jirani yako asiyesikia kipindi hiki.