Hotuba ya Mgeni Rasmi: Friji ya Chanjo Ichungwe Hata Kutoka Mbali

Chanjo nyingi za watoto, Mheshimiwa Mwenyekiti na wageni waalikwa, hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, kuanzia ghala la taifa hapa Juba hadi kituo cha mwisho huko Pibor. Joto ni adui anayejulikana. Tangu 1996, vichupa vya chanjo ya polio vimebandikwa alama inayobadilika rangi kwa joto, na mhudumu akiitazama tu anajua la kufanya.

Baridi ndiyo husahaulika, nayo alama ile haiionyeshi. Chanjo ya pepopunda, au ile ya magonjwa matano iliyoanza kutolewa Sudan Kusini mwaka 2014, ikiganda mara moja imeharibika, hata ikiyeyuka. Lipo jaribio lake: kichupa kinachotiliwa shaka hutikiswa pamoja na kingine kilichogandishwa makusudi, kisha vyote huachwa vitulie. Mashapo yakizama upesi sawa na ya mwenzake, hutupwa. Lakini nani atashuku, ikiwa friji ilishuka chini ya sifuri usiku wa manane na asubuhi inasoma 5?

Hapo ndipo kipimajoto cha mbali kinapofaa. Kihisi kilichomo ndani ya friji hupima mchana na usiku na kutuma taarifa kwa laini ya simu. Kenya na Tanzania zimekwisha kutumia vifaa vya namna hiyo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kengele hulia joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi 0.5 chini ya sifuri kwa saa 1. Mtandao ukikatika, na nje ya Juba hukatika sana, vipimo huhifadhiwa hadi urudi. Kwa hiyo king'ora cha pale pale kituoni hakiepukiki.

Wala ujumbe wa simu hautengenezi friji. Masika barabara zikifungwa, fundi husubiri ndege, na chanjo huokolewa na mhudumu mwenye kasha baridi lililo tayari. Wizara na wafadhili wanaombwa, kila wanaponunua kifaa kimoja, watenge pia fedha za fundi, vipuri vya sola na vocha ya simu.