Tukague Ramani Kabla ya Msingi



Chama kinachokusudia kujenga nyumba ya kupangisha hakina budi kuikagua ramani kwanza. Nyumba ya Kiswahili aghalabu huwa na vyumba 6, vitatu kila upande wa ukumbi, na jiko na choo huwa uani. Chumba kimoja kikikosa mpangaji mwaka mzima, sehemu moja kati ya sita ya kodi imepotea. Wapangaji hukikimbia chumba kisicho na hewa, au ambacho dirisha lake linatazama choo. Ukumbi mpana kupita kiasi hula saruji wala haulipi kodi. Chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani chaweza kuwa duka. Mnunuzi naye huhesabu vyumba vinavyolipa. Kubomoa ukuta ni kutumia fedha za wanachama mara mbili. Kwa hiyo Kamati isimlipe fundi kabla Mkutano Mkuu haujaiona ramani.