Tunasoma Sana, Tunatazama Ubao Kidogo: Mchezaji Mtu Mzima na Sataranji ya Mashindano



Nimepewa dakika 20 nizungumzie jinsi mchezaji wa rika langu, mwenye ajira, watoto na foleni ya jioni, anavyoweza kupandisha kiwango chake. Niliweke wazi mapema kwamba mimi si bingwa. Ni mhasibu niliyetoka kwenye drafti za kibarazani, nikaingia mashindanoni nikiwa na miaka 35, na hadi leo natolewa jasho na watoto wa darasa la sita. Nimekuja na ukaguzi wa hasara zangu mwenyewe, na dai moja tu: sisi watu wazima tunasoma sana na kutazama ubao kidogo.

Kwanza hao watoto, maana ndio wanaotukatisha tamaa. Mtoto miguu haifiki sakafuni, anakufunga mapema, na mwisho wa mwezi alama zako zimeporomoka. Hesabu yenyewe ndivyo ilivyopangwa. Katika mfumo wa alama wa Arpad Elo, ambao FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliupokea mwaka 1970, mwenye 1600 akikutana na mwenye 1500 anatarajiwa kupata 0.64 ya pointi. Akifungwa anapoteza karibu alama 13, kwa kuwa hiyo 0.64 inazidishwa kwa 20, kizidishio cha wengi wetu. Mtoto aliyemfunga kizidishio chake ni 40, kwa hiyo anaondoka na zaidi ya 25. Watoto wanapanda haraka kuliko orodha inavyoweza kuwafuata. Ile 1500 unayoiona ukutani ni habari ya zamani. Ukilijua hilo utaacha kuzihesabu alama zako kila wikiendi. Mimi nilichelewa kulijua, na kuchelewa huko kulinigharimu usingizi.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Mwaka 2002 Mmarekani Michael de la Maza alichapisha kitabu, Rapid Chess Improvement, ambacho wachezaji bado wanakibishania. Alianza mashindano ukubwani, na baada ya miaka miwili hivi akavuka 2000 kwa alama za Marekani. Dawa yake ilikuwa mafumbo 1,000 hivi ya mbinu, yafumbuliwe yote kwa siku 64, kisha yaleyale kwa siku 32, halafu 16, 8, 4, 2, na mzunguko wa saba kwa siku moja. Jeremy Silman, mwandishi maarufu wa vitabu vya sataranji, alikishambulia kitabu hicho vikali. Mimi nilikijaribu. Mzunguko wa kwanza niliumaliza. Wa pili ulinikuta kwenye kufunga hesabu za mwaka, nikauacha njiani. Mafumbo 1,000 kwa siku moja ni kazi ya mtu asiye na bosi. Hata hivyo, mzunguko ule mmoja na nusu ulinibadilisha macho. Nikaanza kumwona farasi anayeweza kumtishia mfalme na ngome kwa pamoja kabla hata sijaanza kufikiri.

Sababu yake inajulikana. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa viwango tofauti mbao kwa sekunde 5, kisha wakawataka wazipange upya. Kete zilipotoka kwenye mechi halisi, bingwa aliwaacha wenzake mbali. Zilipotawanywa ovyo ubaoni, ubingwa wake ulikaribia kutoweka. Bingwa anayatambua maumbo aliyokwisha kuyaona mara nyingi, kama sisi tunavyomtambua jirani kwa mwendo wake akiwa bado mbali. Umbo halikai kichwani kwa kusomwa mara moja, na hapo ndipo tunapokosea, kwa kuwa mtu mzima anaona aibu kurudia zoezi alilokwisha kulifanya. Anataka kitabu kipya.

Nirudi kwenye ukaguzi. Nilizikusanya karatasi za mechi zangu za misimu miwili, nikashika kalamu nyekundu. Kwenye kila mechi niliyofungwa au niliyoiacha iende sare niliandika pembeni neno moja: ufunguzi, mbinu, saa, au mwisho. Jueni kwamba muda wangu karibu wote wa kujisomea ulikuwa ukiishia kwenye ufunguzi, hasa ulinzi wa Kisisilia. Neno "ufunguzi" halikujitokeza hata mara tatu. Karatasi zilizobaki zilijaa "mbinu": kete niliyoiacha bila mlinzi, tishio la hatua moja nisiloliona kwa sababu nilikuwa nimenogewa na mpango wangu.

Nawaonyesha moja iliyoandikwa "mwisho", kwa sababu bado inaniuma. Pangeni hapo kwenye mbao zenu: mfalme mweupe d3, askari mweupe e2, mfalme mweusi e6. Zamu ya mweupe, ambaye ni mimi. Saa nne za mchezo zimepita, nina dakika 2, na sahani ya pilau niliyoila kati ya raundi inanivuta macho. Nikamsukuma askari hadi e4. Mweusi akaja e5, nikamlinda askari wangu kwa mfalme e3, naye akarudi nyuma moja kwa moja hadi e6. Nikienda d4 anakuja d6. Nikienda f4 anakuja f6. Sare. Ningetanguliza mfalme e4, askari akabaki nyumbani na hatua yake ya akiba, mchezo ulikuwa wangu. Somo hilo lipo kwenye kurasa za mwanzo za kitabu chochote cha hatua za mwisho, na nilikuwa nimelisoma. Kulisoma na kulicheza ukiwa umechoka ni mambo mawili.

Tangu hapo nimebadili vitu vichache. Alfajiri, dakika 25 za mafumbo, na ya zamani ni mengi kuliko mapya. Mpinzani akishacheza, sigusi kete kabla sijaiandika hatua yake. Mkono unapoandika, najiuliza anataka nini. (Yake, siyo yangu: kuandika hatua yako kabla hujaicheza kanuni zinakataza.) Siku ya mashindano nakula ndizi na karanga, pilau nasubiri jioni. Na mechi niliyofungwa naipitia peke yangu kwanza, kwa kalamu, ndipo niifungue kompyuta. Kompyuta itakuonyesha hatua sahihi kwa sekunde moja, ila haitakuambia wewe ulikuwa unawaza nini ulipokosea.

Alama zangu zimepanda kidogo tu. Ila neno "mbinu" limepungua kwenye karatasi, na sasa watoto inawabidi wafike hatua ya 40 kunifunga.

Ombi langu kwa wanasemina ni dogo. Baada ya chakula, kila mmoja arudi na karatasi moja ya mechi aliyofungwa, isiwe ya ushindi hata kama ni mzuri, na kalamu nyekundu. Makocha wametukubalia saa moja na nusu. Asiye na karatasi aketi na mwenzake, tuanze.