Pointi Moja Iliyoiponyoka Frascati

Wasikilizaji, Novemba imeingia na swali lake limekuja nayo. Safari hii anauliza msikilizaji wa Tanga: kwa nini chembe iliyogunduliwa Novemba 1974 ina majina mawili, J na psi? Jibu fupi: Samuel Ting aliiona Brookhaven, Burton Richter akaiona Stanford, wakatangaza siku moja, tarehe 11, na hakuna aliyelikubali jina la mwenzake. Mwaka 1976 wakagawana Nobel. Basi! Leo nawapeleka Frascati, karibu na Roma, kwa walioikosa.

Maana mashine ya aina ile ya Richter, ya kugonganisha elektroni na positroni, ambayo ndiyo antimata ya elektroni, ilizaliwa Frascati. Mwenye wazo ni Bruno Touschek wa Vienna, mama yake Myahudi. Mwaka 1945 Wanazi walikuwa wakiwaswaga wafungwa kwa miguu kutoka Hamburg kwenda Kiel. Touschek, mgonjwa, akaanguka. Mlinzi akampiga risasi kichwani, wakamwacha wakidhani amekufa. Hakufa, jamani!

Machi 1960 akawaambia wenzake wa Frascati: kupiga shabaha iliyotulia ni kupoteza nguvu. Zungusheni elektroni na positroni katika duara moja, kila moja na upande wake. Chaji zao ni kinyume, kwa hiyo sumaku zile zile zinatosha. Zikikutana zinaangamizana, na nguvu yote inabaki kuzaa chembe mpya. Haukupita mwaka, mashine yao ya kwanza ya aina hiyo, AdA, ikawa inafanya kazi. Mwaka 1962 ikapakiwa kwenye lori hadi Orsay, Ufaransa, pampu zikiendeshwa kwa betri ili hewa isiingie.

Naona simu... Anauliza, antimata kwenye lori, haikulipuka? Ndugu yangu, haikuwemo! Lililosafirishwa ni ombwe tu.

Tuendelee. Baadaye Frascati wakajenga ADONE, kubwa zaidi, ya kufikia elektronivolti bilioni 3. Chembe yenyewe ilikuwa kwenye bilioni 3.1. Tatu nukta moja! Habari zilipowafikia kutoka Marekani, wakaikamua ADONE kupita kipimo chake, na ndani ya siku chache chembe hiyo hapo. Makala yao ikatoka toleo moja na zile za Wamarekani, Desemba 2, lakini ikiwa ya tatu.

Touschek alifariki 1978. Nobel ya fizikia huruhusu watu watatu, na mwaka 1976 walipewa wawili. Kwangu mimi, nafasi ya tatu ilikuwa yake. Mnaopinga, pigeni simu.