Je, Kuvunja Sheria Mbaya ni Dhambi?

Ndugu zangu wa vikundi, mama mmoja ameniuliza swali hilo. Tukumbuke Machi 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamegoma kula pale Uhuru Park, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi wakawapiga kwa rungu na gesi. Wengine wakavua nguo, na hiyo kwetu ni laana. Wakahamia kanisa la All Saints, karibu mwaka mzima. Siku hizo, hadi 1997, mkutano wa hadhara bila leseni ulikuwa kosa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria dhalimu haifungi dhamiri, ila pengine kwa kuepusha fujo. Na akina mama hawa hawakujificha, wala hawakutafuta mali. Sasa yule anayekata miti ya msitu usiku auze makaa, huyo asiniambie anawafuata wao, jamani!