Uhakiki wa Mtaalamu wa Kigeni: Tusiishie Kwenye Vyeti



Mada hii inahusu kibali cha ukaazi daraja B, anachopewa mgeni aliyekuja nchini kuajiriwa. Tangu itungwe Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mgeni huyo huhitaji vibali viwili Tanzania Bara: cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Waajiri huchanganya madaraja. Upande wa kazi, daraja B ni la fani maalumu, kama vile udaktari au mafuta na gesi, na wataalamu wengine huingia daraja C. Upande wa ukaazi, wote hao ni daraja B.

Kumhakiki mtu mwenyewe kunaanza na kulinganisha tarehe. Wasifu unadai alisimamia mitambo nchi fulani, cheti kinaonyesha alikuwa bado chuoni, mihuri ya pasipoti inasema jambo la tatu. Hapo maelezo yanahitajika. Shahada ya nje ina pa kuulizwa, nayo ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika. Majibu ya vyombo hivi yana uzito kuliko muhuri wa wakili, kwa sababu wakili huthibitisha kwamba nakala inafanana na cheti alichoonyeshwa. Kama chuo kilikitoa kweli, hilo yeye halijui.

Lakini cheti halali hakituambii kama kazi yenyewe ipo. Sheria inataka mwajiri awe amemtafuta Mtanzania kwa dhati akamkosa. Basi tulisome tangazo la ajira kwa makini. Fundi wa mitambo anadaiwa lugha ya kigeni ambayo hataitumia kazini, na nafasi ikatangazwa kwa siku chache tu: tangazo la namna hiyo limeshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Kisha twende kazini. Mtu aliyeombewa kibali kama mtaalamu wa ufundi akikutwa anauza dukani, faili lake lote linapoteza maana, hata kama kila karatasi ndani yake ni ya kweli.

Eneo ninaloliona muhimu kuliko yote ni urithishaji wa ujuzi. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, na hata kikihuishwa, jumla ya muda wake kwa mtaalamu wa kawaida ina kikomo. Muda huo umewekwa ili Mtanzania aandaliwe kuishika nafasi. Mpango wa urithishaji huambatishwa kwenye maombi, lakini kuupokea si kuuhakiki. Napendekeza kwamba maombi ya kuhuisha yanapofika, ofisa wa kazi na wa uhamiaji wamwite Mtanzania aliyeandaliwa, wazungumze naye bila mwajiri kuwapo. Amefundishwa nini? Mashine gani anaiendesha peke yake sasa? Anajua kwamba jina lake limo kwenye mpango huo?

Hayo yote yafanyike bila kumgeuza mwombaji mtuhumiwa. Kasoro za faili ziandikwe zote kwa mara moja, na mwajiri apewe muda wa kuzijibu. Kumrudisha kila wiki kwa karatasi mpya ni kumwonea, na kunamfungulia mlango kishoka anayeuza njia ya mkato.